Kahawa ya sufuria moja: mbona mume analala na mimi nakesha?

*"Dokta, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, ninakaa Kadutu hapa Bukavu na ninauza vitenge sokoni. Kahawa nimeinywa miaka mingi: kikombe saa moja asubuhi na kingine saa kumi, nikishakula. Zamani nilitumia ile ya unga ya kwenye sashe. Tangu miezi mitano shangazi yangu wa Katana ananiletea kahawa yao wenyewe, tunaikaanga na kuitwanga nyumbani, naweka vijiko viwili vya supu kwa kila kikombe. Sasa ni wiki moja silali. Nageuka kitandani hadi saa nane, saa tisa, moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Papa wa watoto anakunywa ya sufuria hiyo hiyo, tena anaongeza, na akiweka kichwa chini anakoroma. Yeye anavuta sigara, mimi sivuti. Jirani anasema kahawa yetu ya Kivu ni kali kuliko ya dukani, nirudie sashe au nihamie chai kwa sababu chai haina kafeini. Mwingine anasema ni damu yangu imeikataa. Nikuambie pia kwamba nilipimwa nikaambiwa nina tifoide, niko siku ya nane ya sipro, kidonge asubuhi na jioni. Na tangu miezi mitatu natumia vidonge vya kupanga uzazi, vile vya kumeza kila siku. Dawa nyingine sina, ila kidonge cha kichwa jua la sokoni likizidi. Je, niache kahawa kabisa?"*

Mama, kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si dokta, ni mfamasia. Na kwa swali hili nadhani barua yako imefika mahali pake. Umeandika mistari kumi kuhusu kahawa, kisha mwishoni, kama mtu aliyeshafika mlangoni, ukasema "nikuambie pia". Nyuma ya meza ya farmasi tumezoea: neno linalotafutwa hutoka mgonjwa akiwa ameshaaga.

Kwa hiyo nianze na kalenda, kikombe kitafuata. Kahawa ya shangazi iko jikoni kwako tangu miezi mitano. Usingizi umepotea wiki moja. Kama kahawa hiyo ndiyo mwizi, miezi yote hiyo alikuwa anangoja nini? Kilichoingia nyumbani kwako wiki iliyopita si kahawa. Ni sipro.

Ili hilo lieleweke inabidi tuingie kidogo kichwani, halafu kwenye ini.

Tangu unapoamka, ubongo unafanya kazi, na kazi hiyo inaacha mabaki. Mojawapo huitwa adenosini. Inajikusanya saa baada ya saa, na ndani ya ubongo kuna vipokezi vilivyowekwa kwa ajili yake, tuviite viti. Adenosini ikikaa kwenye viti vyake, mwendo wa ubongo unapungua, macho yanakuwa mazito, unapiga miayo. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuweza kushika kiti kile kile, lakini ikikaa haileti usingizi. Umeshaona misa ya kwanza Jumapili, mama mmoja anafika mapema na kutandaza kitenge kwenye benchi kuwawekea wenzake nafasi? Kitenge hakiimbi wala hakisali, lakini wewe huwezi kukaa hapo. Kafeini hufanya hivyo hivyo. Nguvu haikupi. Uchovu wako haujaenda popote, umesimama katikati ya kanisa na wengine wanazidi kuingia. Kitenge kikiondolewa, wote wanakaa kwa pamoja, na ndiyo maana saa kadhaa baada ya kahawa mtu anaweza kulegea kuliko alivyokuwa kabla hajainywa.

Watu huniuliza kahawa fulani ina nguvu kiasi gani. Mimi ningependa waulize kitenge kitakaa kwenye benchi hadi saa ngapi.

Anayekiondoa ni ini. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa CYP1A2 (jina kama namba ya gari, nisamehe), na karibu kafeini yote unayokunywa lazima ipite mikononi mwake. Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyevuta sigara na asiyetumia dawa, nusu ya kafeini huondoka kwa muda wa saa tano hivi. Wengine ni tatu, wengine saba, wamezaliwa hivyo. Angalia nimesema nusu. Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwama, kwa sababu mtu hudhani kahawa ya alasiri inakwisha jioni.

Tukipe kikombe chako cha saa kumi miligramu 100 za kafeini. Kwa ini la saa tano, saa tatu usiku bado zimo 50, na saa nane usiku zimo 25. Miezi ya kwanza ya kahawa ya shangazi ulikuwa unalala na hizo 25 bila kujua, na mwili ulikuwa umezoea.

Sasa tuje kwa vidonge vya kupanga uzazi. Vile vya kila siku vyenye homoni mbili, estrojeni ikiwemo, hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho, na muda wa kafeini kukaa mwilini huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo kusema saa tano zinakuwa kumi. Rudia hesabu: kikombe cha saa kumi alasiri bado kimebaki nusu, miligramu 50, saa nane usiku. Na kile cha saa moja asubuhi hakijamalizika pia, kimeacha kama 27. Jumla inapita 75. Sashe moja ya kahawa ya unga, gramu mbili hivi, ina kama 60. Yaani saa nane usiku uko kitandani mithili ya mtu aliyemaliza sashe nzima muda huo huo, na wewe mwenyewe hujagusa kikombe tangu alasiri. (Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi havina estrojeni. Habari hii ni ya vidonge vyenye homoni mbili.)

Kwa miezi mitatu mwili wako ulibeba mzigo huo bila kulalamika sana. Labda usingizi ulikuwa unakuja saa sita usiku badala ya saa nne ukasema ni kazi za sokoni. Kisha ikaja sipro, yaani siprofloksasini. Nayo inakifunga mikono kimeng'enya hicho hicho. Ukizipanga pamoja, mlango ambao vidonge vilikuwa vimeuacha wazi nusu, sipro imeusukuma karibu ufungwe. Kahawa haikuongezeka hata kijiko. Imekosa pa kutokea.

Tena sipro yenyewe, hata kwa mtu asiyejua kahawa ina harufu gani, inaweza kuleta kukosa usingizi na wasiwasi wa mwili. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ambayo wauzaji wengi huitupa wakikata plaketi vipande. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kila dakika ya kukesha kwako ni kafeini. Sehemu fulani ni dawa, na sehemu fulani huenda ni ugonjwa wenyewe.

Na papa wa watoto? Hapa jirani yako atashangaa. Moshi wa sigara unafanya kinyume kabisa: unalichochea ini litengeneze CYP1A2 kwa wingi. Mvutaji wa kila siku huondoa kafeini kwa kasi inayokaribia mara mbili ya asiyevuta. Tumpe saa tatu. Kikombe cha saa kumi, miligramu 100: saa moja jioni zimebaki 50, saa nne usiku 25, saa saba usiku 12 tu. Damu yake haina uchawi wowote. Anakoroma kwa sababu ya sigara, na hilo si la kumpongeza. Nikotini haihusiki, kazi hiyo inafanywa na moshi, ndiyo maana bibi zetu wa Kabare wenye kikopo chao cha tumbaku ya kunusa hawapati "faida" hiyo hata wakinusa mchana kutwa.

Sasa jirani. Anasema kahawa ya Kivu ni kali. Kwa ulimi, sawa, nami naipenda hivyo hivyo. Kwa kafeini, amekosea. Miinuko yetu, Katana, Kalehe, Idjwi, hadi juu huko Minova, inalima zaidi arabika, na punje ya arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta ina karibu mara mbili, asilimia 2.2 hivi, na kahawa nyingi za unga za sashe hutengenezwa kwa robusta au kwa mchanganyiko wake kwa sababu ni rahisi bei. Kuna jambo hapa ambalo hunichekesha: robusta ni mtu wa nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 Mbelgiji Émile Laurent aliikusanya Lomami, ikapelekwa Brussels, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umewafilisi wakulima wa arabika. Kwa hiyo sashe unayonunua kwenye ligablo, iliyoandikwa kwa lugha za mbali, huenda imebeba mjukuu wa mmea wa msitu wetu aliyezunguka dunia nzima akarudi akiwa unga.

Ila jirani hajakosea kila kitu, maana kuna kijiko. Nilipoisoma barua yako nilichukua kahawa yangu ya nyumbani, iliyotwangwa kinuni kama yako, nikaipeleka kwenye mizani ya farmasi. Kijiko cha supu kilichosawazishwa kwa kisu kilinipa gramu tano na kitu. Kijiko kile kile nilichokichota kama mama yangu alivyokuwa akichota, na kilima juu, kilinipa karibu nane. Vijiko viwili vilivyosawazishwa ni gramu kumi, kama miligramu 120 za kafeini, na ukichemsha vizuri nyingi kati ya hizo zinaingia kwenye maji; ndiyo maana nimehesabu 100. Vijiko viwili vyenye kilima ni gramu 16, na hapo unakaribia 190. Sashe yako ya zamani ilikuwa 60. Kwa hiyo ndiyo, tangu miezi mitano unakunywa kafeini nyingi kuliko zamani, pengine mara mbili au tatu, lakini ukali huo umetoka kwenye mkono wako. Shamba la shangazi halina kosa.

Kukaanga hadi iwe nyeusi tititi hakuongezi kafeini. Uchungu wa mkaango na kafeini ni vitu viwili.

Kuhusu chai: kafeini imo, na ni ile ile. Mwaka 1827 waliikuta kwenye majani ya chai wakadhani ni kitu kipya, wakakiita teini. Ilipofika 1838 ikathibitishwa kwamba teini na kafeini ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kikombe cha chai ya majani kina kama miligramu 40, kwa hiyo ukihamia chai utapunguza, hutaacha. Ukitaka kinywaji cha moto cha jioni kisicho na kafeini kabisa, chemsha mchaichai, ile sitroneli inayoota nyuma ya nyumba. Coca-Cola ya sentilita 33 ina kama 32. Vile vikopo vya kuongeza nguvu vya mililita 250 vina 80, na vijana wanavishusha viwili mfululizo usiku wa mtihani.

Na sasa ile dawa yako ya kichwa. Nenda ukasome plaketi. Vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa sokoni vimechanganya parasetamoli na kafeini, vingine hadi miligramu 65 kwa kidonge kimoja. Ukimeza viwili saa nane mchana umekunywa kikombe kingine kizima bila kukionja. Mchanganyiko huo si udanganyifu, kafeini kweli inaisaidia parasetamoli kutuliza maumivu. Lakini kwa wiki hii chukua parasetamoli tupu.

Niruhusu hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana mtu wa Bukavu ana haki ya kulijua hili. Mmea haukuweka kafeini kwa ajili yetu. Ni sumu ya kuwafukuza wadudu, kama mkwinini wa hapa Kivu ulivyoficha kwinini kwenye gome lake. Mjerumani Runge ndiye aliyeitenga kafeini kwanza, mwaka 1819. Mwaka uliofuata, 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakatenga kwinini, na haukupita muda mrefu wakawa wameitenga na kafeini pia. Mikono ile ile. Dawa iliyotutibu malaria na kinywaji kinachotuamsha zimetoka kwenye familia moja ya vitu vichungu ambavyo mimea huvitunza kama silaha.

Na sumu hiyo hiyo inaokoa watoto. Kwenye vyumba vya watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao, wauguzi huwapa kafeini, matone yaliyopimwa, kwa sababu mtoto wa namna hiyo husahau kupumua na kafeini humkumbusha. Ini lake bado halijaiva, kwa hiyo nusu ya kafeini huchukua kama siku tatu au nne kuondoka. Ninawaambia hili hasa akina mama wanaonyonyesha mtoto wa wiki chache, wanaosema "ni kikombe kimoja tu". Kikombe kimoja ni sawa. Lakini mtoto wa umri huo hawezi kuondoa cha leo kabla cha kesho hakijafika.

Turudi kwako. Kuna kitu ulichokitaja kwa neno moja na kimenisumbua kuliko moyo unaodunda: "nikishakula". Kahawa ya saa kumi unaikunywa juu ya chakula. Kama chakula hicho ni sombe na maharage, na sambaza siku zikiwa nzuri, basi sehemu kubwa ya madini ya chuma uliyoyala ni ya mimea, na madini hayo hukamatwa na vitu vingine vya kahawa, si kafeini, yakatoka nayo. Utafiti uliochapishwa 1983 ulipima: kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza unyonyaji wa chuma kwa asilimia 39, chai kwa 64. Waliokunywa kahawa saa moja kabla ya kula hawakupoteza kitu. Waliokunywa saa moja baada ya kula walipoteza kama wale walioinywa pamoja na chakula. Kwa mama aliyezaa mara tatu, anayesimama sokoni tangu asubuhi, hili si jambo dogo. Upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde. Badala ya kahawa, weka limau kwenye maji unayokunywa na mlo, au kula chungwa baada yake. Hivyo huusaidia mwili kupokea chuma.

Sasa ufanye nini? Kwanza usichopaswa kufanya. Usikate sipro kwa sababu ya kahawa. Ulipewa hesabu ya siku, zimalize zote kama ulivyoandikiwa. Tifoide iliyotibiwa nusu hurudi ikiwa imejifunza. (Na sipro usiimeze na maziwa, yanaizuia isiingie vizuri. Maji tu.) Wala usikatishe vidonge vya uzazi. Nimeshaona mama aliyeacha kidonge ili alale vizuri, na miezi tisa baadaye ndipo alipokosa usingizi kwa kweli.

Katika siku zilizobaki za sipro kimeng'enya chako bado kimefungwa mikono, na siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho kinarudi kazini polepole. Muda huo mimi ningeacha kabisa kikombe cha saa kumi, na cha asubuhi ningekipunguza hadi kijiko kimoja kilichosawazishwa. Ungeweza kuacha vyote viwili, ni wiki moja tu. Lakini wewe ni mnywaji wa miaka mingi, na ubongo wa mnywaji wa kila siku umeshaongeza viti vya ziada kwa sababu vya kwanza vilikuwa na kitenge kila wakati. Ukiondoa kafeini ghafla, viti vyote vinakaliwa kwa mpigo: kichwa kinauma kuanzia saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, kinazidi siku ya pili, na kinaweza kuendelea hata zaidi ya wiki. Kwa mgonjwa wa tifoide kichwa hicho kitamchanganya yeye na anayemtibu. Kwako kupunguza kunafaa kuliko kukata, ingawa anayetaka kukata na kuvumilia hajakosea.

Sipro ikiisha, vidonge vya uzazi vinabaki, kwa hiyo usirudie hesabu ya zamani. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kunywa hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na mjamzito 200. Namba hizo ni nzuri kwa mtu wa saa tano. Kwako wewe, mwenye ini la saa kumi kwa sasa, ningebaki na kikombe kimoja cha nguvu asubuhi, au viwili vyepesi, cha pili kabla ya saa sita mchana, saa moja kabla ya chakula. Kahawa iliyoondolewa kafeini ipo kwenye baadhi ya maduka ya mjini, ni ghali, na bado ina miligramu chache. Kama unapenda ladha na pesa ipo, sikuzuii. Kurudia sashe ni njia halali pia, itakupunguzia kipimo, ila kama ni kupunguza tu, kijiko kinatosha na shangazi hakasiriki.

Jambo moja la jikoni: kahawa inayochemshwa na kunywewa na machicha yake huacha mafuta fulani yanayopandisha kolesteroli. Ichuje kwa karatasi ya kuchujia. Kitambaa safi chenye nyuzi zilizobanana kinapunguza pia.

Lakini kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kwenye barua, na hayo yapeleke kituo cha afya. Kama moyo unadunda hata siku ambayo hukugusa kahawa. Kama ukiwa umetulia, umekaa, unahesabu mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, au yanaruka ruka bila mpangilio. Waombe wakupime presha na wingi wa damu. Weupe wa viganja na wa ndani ya kope ni ishara ya kutosha ya kwenda kesho badala ya wiki ijayo. Kama unakonda ukila vizuri, mikono inatetemeka na joto linakuzidi, waangalie na tezi ya shingo. Kama siku zako zimechelewa, pima mimba, hata kama unatumia vidonge: ujauzito nao huchelewesha kafeini, na miezi ya mwisho ndiyo zaidi, na sipro kwa kawaida mjamzito hapewi, kwa hiyo ni lazima aliyekuandikia ajue. Ukizimia, ukishikwa na maumivu ya kifua, pumzi ikikukatika, usisubiri asubuhi. Na homa ikiwa haijashuka ukimaliza dozi, rudi kule ulikopimwa, usinunue plaketi ya pili mwenyewe.

Ningependa pia ujiulize, bila aibu, kama ni moyo wa nyama unaodunda au ule mwingine. Kuna usiku katika mji huu ambapo hata mtu asiyejua ladha ya kahawa hakulala. Kama unapozima taa ndipo sauti zinaanza, za nje au za kichwani, na hali hiyo imekuwepo kabla ya sipro, basi kijiko cha kahawa hakitalimaliza. Mwambie muuguzi hivyo hivyo kama unavyoniambia mimi. Siku hizi vituo kadhaa vina mtu wa kusikiliza.

Mwisho, mpelekee papa wa watoto ujumbe wangu. Sitamhubiria kuhusu sigara, nadhani wewe umeshafanya hivyo. Lakini siku atakapoiacha, ini lake litapunguza kasi ndani ya siku chache tu, na kahawa ile ile aliyozoea itaanza kulala naye kitandani. Wengi hapo hutetemeka, hukesha, hukasirika, wakasema ni sigara inawaita, wakairudia. Kumbe ni kahawa. Siku hiyo hiyo mpimie nusu ya vijiko vyake, na asipokuuliza kwa nini, usimwambie.